Ufuko Huanzia Mtoni

Kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, katika pwani ya Kunduchi, iliwahi kusimama hoteli ya Africana. Leo haipo: bahari iliula ufuko hata ikayafikia majengo. Wengi huyalaumu mawimbi. Yafaa, hata hivyo, ichunguzwe pia habari ya mchanga.

Mchanga wa ufuko hautulii mahali pamoja. Mawimbi ya kusi huusukuma kuelekea kaskazini, na yale ya kaskazi huirudisha sehemu yake kusini. Unaopotea hufidiwa na mchanga mpya, ambao katika pwani hiyo huletwa na mito midogo, kama Tegeta na Mbezi, wakati wa mvua. Mji ulipokua, mchanga huohuo ulichimbwa mitoni, ukapakiwa katika malori, ukajengewa nyumba. Ulioletwa ukawa mchache kuliko uliochukuliwa na maji, na ufuko ukapungua. Tena, miamba ya matumbawe iliyovunjwa kwa baruti, au kuchimbwa ili kuchomwa chokaa, haikuweza tena kuikinga pwani.

Sheria zipo. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Lakini ufuko unapoliwa, mita hizo nazo hupungua mwaka hata mwaka. Jengo lililotii sheria leo laweza kujikuta ukingoni kesho.

Hapana budi, basi, sera ya serikali iutazame mto na ufuko kuwa kitu kimoja. Anayetoa kibali cha kuchimba mchanga na anayetoa kibali cha kujenga ufukoni washauriane kabla ya kutia sahihi. Kuwafukuza wachimbaji hakutoshi: jiji lahitaji mchanga, na vijana wanaouchimba wahitaji riziki. Waonyeshwe machimbo yaliyo mbali na mito iletayo mchanga baharini, na kiasi cha kuchimbwa kiwekewe mpaka.

Shule za pwani nazo zina sehemu yao. Wanafunzi wakisimika kigingi imara juu ya ufuko, na kila mwezi wakapima kwa kamba umbali wake hadi alama ya maji makuu, baada ya miaka michache watakuwa na ushahidi ambao mpangaji yeyote wa mji atapaswa kuusikiliza.