Ugali wa shamba si wa bure

Wageni kutoka Nairobi wakifika kwetu Mundika hutusifu: mnakula bila kununua. Lakini muhogo wa ugali huo naupanda mvua za Machi zikianza, naupalilia, na karibu mwaka upite kabla ya kuung'oa. Kisha kumenya, kukatakata, kuanika, na kukimbilia kuuanua wingu likitanda. Mtama nao hushambuliwa na kayongo, gugu linalonyonya mizizi; ni lazima kuling'oa kwa mkono kabla halijatoa mbegu, maana mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Ndipo nabeba debe la muhogo na mtama kwenda kusaga, na huko nalipa pesa taslimu. Nasema wazi: kazi hii yote ni ajira. Serikali ya kaunti isitusifu tu kwa kujitegemea; ituletee mashine za kukata na kukausha muhogo vijijini.