Kisiwa cha Ajai

Familia ya Awindiri itakayo kuona kisiwa haina haja ya kusafiri hadi Mombasa. Mashariki ya Arua, upande wa magharibi wa Nili, ipo hifadhi ya Ajai, iliyopewa jina la chifu wa sehemu hiyo. Mvua zinapozidi, kinamasi cha mafunjo huizunguka nchi kavu ikawa kisiwa hasa. Kwa hiyo yafaa kwenda wakati wa kiangazi, kwa idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori, na chakula na maji vifungwe nyumbani. Watoto wasiachwe kusogelea mto, kwani mna mamba na viboko.

Askari asikiapo neno kifaru hukumbuka gari la vita. Lakini hapa palikuwa kwao kifaru mwenyewe, yule mweupe wa kaskazini. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt alipiga kambi katika ukingo huo, akawaua kadhaa kwa ajili ya makumbusho ya Marekani. Mji wa Rhino Camp ungali na jina hilo. Mwaka 1961 baadhi walivushwa mto hadi Murchison Falls ili wapone. Hawakupona. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, bunduki zilizozagaa nchini zilikuwa zimewamaliza ng'ambo zote mbili.

Dume wa mwisho wa jamii hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Kenya mwaka 2018, akaacha majike wawili tu. Mtoto akiuliza kisiwani vifaru wako wapi, baba yake awe na jibu.