Maji chini ya kapeti la gari
Masika yakianza Namawala, gari la zamani hunuka uvundo na watoto hushuka soksi zimelowa. Fundi hukimbilia mpira wa kioo. Mzazi ainue kapeti kwanza. Maji yenye rangi, utelezi na harufu tamu ni ya rejeta, yamevuja kwenye hita; ni sumu, watoto wasiyaguse. Yakiwa safi na hutokea hata siku ya jua AC ikiwashwa, mpira wake wa kutolea maji umeziba. Yakija na mvua tu, mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kutoka chini kwenda juu. Gari linalolala chini ya mwembe lisafishwe majani chini ya waipa. Yakijaa, maji huingia ndani.