Kalamu mpya ya Dhoruba ni changamoto kwa shule zetu

Wapenzi wa hadithi za katuni walikuwa na kila sababu ya kushangilia mwezi wa Oktoba, 2024. Mwezi huo kampuni ya Marvel ya Marekani ilianza kuchapisha mfululizo mpya wa Storm, yaani Dhoruba, yule shujaa wa kike wa kundi la X-Men anayeamuru upepo, radi na mvua. Kilichowafurahisha wengi ni kwamba kalamu ilikabidhiwa Murewa Ayodele, mwandishi kutoka Nigeria, na uchoraji ukawa wa Lucas Werneck wa Brazil.

Huenda mwalimu aliye Kotile, katika kaunti ya Garissa, akauliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu sana. Dhoruba, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ororo Munroe, ni Mkenya kwa upande wa mama. Hadithi yasema kwamba alizaliwa New York, akalelewa Cairo, akafiwa na wazazi wake wote wawili angali mtoto, kisha akatembea hadi huku kwetu. Alipojitokeza mara ya kwanza mnamo 1975, katika kitabu cha Len Wein na Dave Cockrum, alionyeshwa Kenya, wanakijiji wakimsujudia na kumwomba awanyeshee mvua.

Tuwe waadilifu. Katika miaka hiyo ya sabini, mwanamke mweusi mwenye nguvu na heshima alikuwa nadra katika vitabu vya aina hii. Chris Claremont, aliyeiandika X-Men tangu 1975 hadi 1991, alimkuza Dhoruba hata akawa kiongozi wa wenzake. Hilo halikuwa jambo dogo, na wasomaji wengi wa Kiafrika walijivunia.

Hata hivyo, Kenya aliyotoka Dhoruba ilikuwa Kenya ya kubuniwa na watu walio mbali. Alihusishwa na nyika za Serengeti, ilhali kila mwanafunzi wa jiografia ajua kuwa Serengeti iko Tanzania. Jina Ororo lilielezwa kuwa maana yake ni uzuri, ilhali kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kuwa kitu kikiwa chororo ni laini, na kwamba mtu mwororo ni mpole. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hebu tuitazame mvua hiyo kama inavyojulikana Kotile. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikatika mmoja baada ya mwingine, na mifugo ikafa kwa wingi kote Kaskazini Mashariki. Watu wa huku, walio wengi Waislamu, hawakwenda mlimani kumpigia magoti msichana. Desturi yao ni kutoka nje uwanjani na kusali sala ya kuomba mvua, huku wakimwelekea Mola peke yake. Mzazi wa Kotile akionyeshwa picha zile za 1975 ana haki ya kukunja uso.

Aidha, mvua ilipofika haikuja kama zawadi tupu. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mto Tana ulivunja kingo zake, mashamba yakazama na barabara zikakatika. Mto huo huanzia katika milima ya Nyandarua na mlima Kenya, ukapitia mabwawa kama Masinga na Kiambere kabla ya kushuka Garissa na kuelekea bahari. Kwa hiyo Kotile yaweza kufurika wakati mbingu yake yenyewe haina hata wingu. Mvua anayoishukuru mkulima wa milimani ndiyo inayombebea jirani yake wa bondeni mahindi na maembe.

Hapo ndipo penye hadithi. Shujaa mwenye amri juu ya mawingu angefanya nini mbele ya mto kama huo? Angemnyeshea nani, na angemnyima nani? Mfugaji anaomba malisho, mkulima wa ukingoni anaomba maji yasipande. Swali hilo ni zito kuliko vita na adui yeyote mwenye barakoa, na anayeweza kuliuliza vizuri ni yule aliyekwisha kuhamisha magodoro usiku kwa kuogopa maji.

Twampongeza basi Bw. Ayodele, na twawapongeza wasomaji waliompokea kwa moyo mkunjufu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Nigeria si Kenya, na hatuwezi kumdai mwandishi wa huko atueleze Tana. Kazi hiyo ni yetu.

Wapo walimu watakaosema kwamba katuni humpotezea mtoto wakati na kumharibia lugha. Hofu yao twaielewa, lakini hatuikubali. Shujaa mwenye nguvu za ajabu si mgeni katika fasihi yetu. Fumo Liyongo alikuwa hashindiki kwa silaha yoyote hadi mwanawe mwenyewe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Na kaburi linalosemekana kuwa lake liko karibu na Kipini, pale ambapo Tana hiyohiyo huingia baharini. Masimulizi yake yalipita midomo mingi kabla Muhammad Kijumwa hajayaandika kwa utenzi mnamo 1913, na tangu hapo yamepita mikono mingine mingi. Lwanda Magere wa Waluo naye alitoka kwenye masimulizi ya wazee akaingia katika vitabu vya picha vya Pichadithi. Kila kizazi kilimchukua shujaa kikampa pumzi mpya. Kubadilika kwa mikono ndiko kulikomweka hai.

Isitoshe, magazeti ya Kiswahili yamelea wasomaji kwa katuni. Ni Wakenya wangapi walijizoeza kusoma kwa kumfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo? Na tangu 2010 vijana wengi wamesoma Shujaaz, kwa lugha yao ya Sheng, wakajifunza kilimo na biashara humo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Garissa. Tangu shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, eneo hili huchorwa na wageni kwa rangi mbili tu: ukame na bunduki. Mtoto anayekua akijiona hivyo katika kila picha mwishowe huamini kwamba hana jingine. Hatakiwi kungoja kalamu ya New York, wala ya Lagos, imrekebishie sura yake.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, maktaba ya ngamia, ambayo Huduma ya Maktaba ya Taifa iliianzisha Garissa mwaka wa 1996, ipewe pia hadithi za picha za Kiswahili miongoni mwa vitabu inavyobeba. Pili, walimu wa Kiswahili wawaruhusu wanafunzi kuandika insha kwa picha na maneno, na kwa kuanzia wawape mada hii: Dhoruba afika Kotile. Gharama yake ni daftari na penseli.

Mashabiki wameshangilia kwa sababu shujaa wao amepata kalamu inayomkaribia. Walimu wa Kotile na jirani zake wanao, madarasani mwao, wenye kalamu iliyo karibu zaidi. Wawape nafasi muhula huu.