Makunyanzi Si Dhambi

Kuna mahubiri ambayo waumini wetu huyasikia bila kuingia kanisani. Huhubiriwa saluni, kwenye simu na kwenye makopo ya krimu: uso uliozeeka una kosa, na kosa hilo huondolewa kwa fedha. Wenye nazo hufuata sindano na leza Dar es Salaam. Wasio nazo hununua krimu ya bei nafuu au huchanganyiwa mkorogo. Mama wa Nkunga aliyechuma chai na kulima viazi miaka thelathini anaambiwa kwamba kazi iliyosomesha watoto wake imemharibu. Nasema wazi, hiyo ni injili ya uongo.

Kwanza, inaumiza mwili. Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 TBS ndiyo inayosimamia vipodozi. Sababu zinajulikana. Zebaki hupenya ngozini na kudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka. Krimu kali za steroidi, ambazo ni dawa za hospitali, hupunguza unene wa ngozi, ikawa inachubuka upesi na vidonda kuchelewa kupona. Mtu anakimbia uzee, anaishia na ngozi iliyochakaa kabla ya wakati.

Pili, inapinga imani yetu. Mithali 16:31 inaziita mvi taji, na Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mzee. Martin Luther, huko Heidelberg mwaka 1518, alifundisha kwamba upendo wa Mungu haungoji kukuta kitu cha kupendeza, wenyewe hukiumba. Sisi wenye dhambi tunapendeza kwa sababu tumependwa. Kama Mungu hakungoja tuwe wema, je, atangoja tuwe na ngozi laini? Tunahubiriwa Jumapili kwamba tunahesabiwa haki bure. Mbona Jumatatu tunalipia haki ya uso?

Atasema mtu, mchungaji anakataza watu kujitunza. La. Kupaka mafuta, kuvaa kofia shambani, kumwona daktari wa ngozi, huko ni kutunza kazi ya Muumba. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya ngozi cha KCMC hutengeneza mafuta ya kuwakinga na jua ndugu zetu wenye ualbino, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ninachokataa ni biashara inayomtia mtu aibu kwanza, kisha ikamuuzia dawa ya aibu hiyo.

Lakini tusiwatupie mawe akina mama peke yao. Nani aliwafundisha kuogopa nyuso zao? Ni mume anayemsifia binti wa jirani mbele ya mkewe. Ni kijana anayemcheka bibi njiani. Ni usharika unaoweka nyuso changa mbele kila wageni wanapokuja, na bibi zetu wakabaki viti vya nyuma. Usharika wa namna hiyo usishangae mabinti wakikimbilia mkorogo.

Akina baba, wasifuni wake zenu, na watoto wenu wasikie. Wazee wa kanisa, wapeni bibi zetu nafasi ya kushuhudia na kufundisha. Nawe mama uliyeficha kopo lenye mashaka, lipeleke kwa daktari umwonyeshe, bila kuona haya. Uso huo ulitiwa ishara ya msalaba siku ya ubatizo wako, na Kristo anautambua hata ukiwa na makunyanzi.