Waya wa Chaji Upimwe Kabla ya Kuuzwa

Tangu tarehe 28 Desemba, 2024, nchi za Umoja wa Ulaya zimeagiza kwamba simu mpya zinazouzwa humo ziwe na tundu la chaji la namna moja, lile ambalo wananchi huliita Taipu C. Uamuzi huo ni wa busara, kwani unampunguzia mtumiaji gharama ya kununua chaja kila abadilishapo simu.

Hata hivyo, hatuna budi kutoa tahadhari. Kufanana kwa matundu siko kufanana kwa umeme. Chaja ya kisasa huanza na volti 5, kisha husemezana na chombo kilichochomekwa. Kikiomba zaidi, hupandisha hadi volti 9, 15 au 20. Kwa kanuni za mwaka 2021 yaweza kufika volti 48 na ampea 5, yaani wati 240. Waya unaopitisha zaidi ya ampea 3 sharti uwe na chipu ya kuijulisha chaja kwamba unauhimili mzigo huo. Kwa macho, waya halali na waya hafifu ni mapacha.

Mfano tunao. Februari 2016, Benson Leung, mhandisi wa Google nchini Marekani, alikuwa akipima nyaya zilizouzwa kupitia Amazon. Waya mmoja, uliounganishwa kinyume, uliharibu kompyuta yake pamoja na vyombo vyake vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ilipiga marufuku nyaya zisizotimiza kanuni. Marufuku hiyo ilitokana na vipimo, si na manung'uniko.

Kwetu simu si pambo. Ndiyo benki ya mkulima na ya mama lishe. Mwenye kipato kidogo ndiye anunuaye waya wa bei ya chini, na ndiye asiyeweza kununua simu ya pili. Rahisi huvunja upishi, lakini anayelala njaa si muuzaji.

Kwa hiyo, Shirika la Viwango lichukue sampuli madukani na minadani, lizipime zikiwa zimebeba mzigo, na matokeo yatangazwe kwa majina ya bidhaa. Waagizaji nao wadaiwe hati za upimaji kabla mzigo haujatoka bandarini. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni ahadi tu. Mwananchi anastahili ahadi iliyopimwa.