MAWIMBI NI MALI YA UMMA, YAFIKE NA SHAMBANI

Ndugu wafanyakazi,

Siku ya mshahara katika shamba moja la miwa niliwakuta wenzetu juu ya kichuguu, kila mmoja ameinua simu. Mwajiri alikuwa ametuma mishahara kwa simu, lakini kambini mtandao haukufika. Walikodi bodaboda mpaka mjini, na nauli ikatoka katika mshahara uleule. Jioni niliporudi Kibuli, mtandao ulijaa hadi chumbani.

Kwa nini iwe hivyo? Wengi husema ni kilima tu. Si kilima peke yake. Simu husafiri kwa mawimbi ya redio, na mawimbi hayafanani. Yale ya chini, kama megahezi 800 na 900, huenda mbali na hupenya kuta na miti vizuri zaidi. Yale ya juu, kama megahezi 2600 na 3500, huchoka mapema, lakini huko ndiko kwenye nafasi pana.

Upana huo ni kama barabara. Njia moja ya simu za GSM ina upana wa megahezi 0.2 tu. Ya 4G hufika megahezi 20, na ya 5G hufika 100. Tena barabara hiyo ni ya wote. Saa mbili usiku tukiingia sote kwa pamoja, bando hukokota hata hapa Kibuli.

Kampuni hujenga barabara pana penye fedha nyingi. Kampala ilipata 5G mwaka 2023. Kambi nyingine bado zinapanda kichuguu.

Ndugu zangu, mawimbi si mali ya kampuni. Ni mali ya umma kama maji, na Tume ya Mawasiliano ya Uganda huyagawa kwa leseni. Mwaka 2015, televisheni za analojia zilipoanza kuzimwa, nafasi katika mawimbi ya chini iliachwa kwa ajili ya simu. Upo pia mfuko wa mawasiliano vijijini ulioanza mwaka 2003, unaochangiwa na kampuni kutokana na mapato yao. Mapato hayo yanatoka mifukoni mwetu. Na Julai 2021 bando ziliwekewa kodi ya asilimia 12. Mkata miwa naye hulipa.

Wapo watakaosema kazi ya chama ni mishahara, si minara. Nawajibu: mshahara ukipitia kwenye simu, mnara ni sehemu ya mshahara.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kila tawi liandike siku na saa mtandao unapokosekana, na taarifa ifike kwa Tume. Pili, mkataba wetu na mwajiri useme wazi: pasipo na mtandao, mshahara ulipwe taslimu, au mwajiri abebe nauli. Tatu, kampuni inayopewa mawimbi yaendayo mbali ilazimishwe kuyafikisha mbali.

Mtu mmoja akilalamika huambiwa azime simu aiwashe tena. Tukilalamika sote, tutasikika.

Umoja ni nguvu!